Pikipiki ya umeme inaruka-ruka? Hivi ndivyo shokapu zinavyosetiwa, kuanzia motokrosi hadi bodaboda ya Igoma

Ukiwa Igoma, lami ya barabara ya Mwanza–Musoma ni kitu kimoja. Ukikata kuingia mitaani kuelekea Kishiri, au kupanda kwenye nyumba zilizokaa juu ya mawe, ni kitu kingine kabisa: changarawe, mifereji ya mvua, kokoto zinazoteleza na vilima vidogo vidogo vilivyojipanga kama bati. Bodaboda wanaopita huko kila siku wanajua shokapu mbovu inauma wapi. Inauma kiunoni.

Sasa hivi pikipiki za umeme zinazidi kuonekana Afrika Mashariki. Ampersand walianzia Kigali, Roam wako Nairobi, Zembo wako Kampala. Watu wengi huuliza betri inakwenda kilomita ngapi na kuchaji ni shilingi ngapi. Ni wachache wanaouliza shokapu zake zikoje, wakati pikipiki ya umeme haikai barabarani sawasawa na ya petroli.

Waliolichimba sana jambo hili ni watu wa motokrosi, mchezo wa pikipiki za kuruka matuta ya udongo. Kwa majirani zetu unachezwa Jamhuri Park jijini Nairobi, na Uganda kuna viwanja vya Busiika na Garuga. Upande wa umeme, kampuni ya Stark Future ya Hispania ilionyesha pikipiki yake ya Stark VARG Desemba 2021, na mwaka 2023 shirikisho la kimataifa la pikipiki, FIM, likaanzisha kombe la dunia la E-Xplorer ambalo ni la pikipiki za umeme tu. Mnunuzi wa VARG anachagua shokapu kulingana na uzito wake mwenyewe. Yaani hata kiwandani wanakubali kwamba hakuna seti moja inayomfaa kila mtu.

Umeme unabadilisha nini?

Kwanza ni betri. Ni mzigo mzito uliokaa sehemu moja, na haupungui njiani kama petroli inavyopungua kwenye tenki. Ikiwa chini katikati, pikipiki inatulia. Ikiwa juu, au fundi ameongeza betri ya pili kwenye keria, pikipiki inakuwa na kichwa kizito na inachelewa kunyooka ukitoka kwenye kona.

Pili ni mahali mota ilipo. Baadhi ya pikipiki za bei nafuu zina mota ndani ya rimu ya nyuma. Matunzo yake ni rahisi, hakuna cheni, lakini tairi linakuwa zito. Tairi zito likirushwa juu na jiwe huchelewa kurudi chini, na shokapu inapata kazi kubwa ya kulituliza. Kama unaishi kwenye mawe kama sisi, mota iliyofungwa kwenye fremu ni bora zaidi. Hapo sina cha kuficha.

Tatu, nguvu inakuja papo hapo. Mota ya umeme haisubiri kupanda mzunguko kama injini. Ukishika moto ghafla, uzito wote unarudi nyuma, shokapu ya nyuma inakaa chini na tairi la mbele linakuwa jepesi. Kwenye mlima, na abiria nyuma, usukani unaanza kuelea.

Nne ni breki ya mota. Ukiachia moto, mota inageuka jenereta, inarudisha chaji kidogo kwenye betri na kupunguza mwendo. Lakini inashika tairi la nyuma tu. Ukiteremka kwenye changarawe, tairi hilo linaweza kuanza kudunda na kuteleza, na dereva akalaumu shokapu bure. Kwenye motokrosi ya umeme kiwango cha breki hii kinabadilishwa, kwa VARG hata kupitia simu. Kama pikipiki yako ina kitufe cha kuipunguza, ipunguze siku ya matope kabla hujagusa spana.

Kabla ya kuseti chochote

Anza na upepo. Tairi lililojazwa kupita kiasi litakudanganya kwamba shokapu ni ngumu. Kwenye motokrosi upepo ni kidogo sana, mara nyingi psi 12 hadi 15, kwa sababu tairi linatakiwa kung'ata udongo. Bodaboda ikiwekewa upepo huo mpira wa ndani utakatwa na rimu siku hiyohiyo, kwa hiyo fuata kibandiko cha mtengenezaji, halafu pima asubuhi tairi likiwa la baridi.

Kisha simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, shika tairi la nyuma na ulitikise kushoto kulia. Likicheza, beringi za tairi au bushi za mkono unaobeba tairi zimekwisha. Inua mbele, vuta na usukume shokapu za mbele. Ukisikia mlio wa "tok", beringi za usukani zimelegea. Futa nguzo za shokapu kwa kitambaa, bonyeza mara kadhaa, angalia kama zinaacha mafuta. Zikiacha, sili zimekufa. Pikipiki yenye ugonjwa mmoja kati ya hii haisetiki, hata aje fundi kutoka Japani.

Futikamba na rafiki wawili

Kipimo muhimu kuliko vyote ni kushuka: pikipiki inazama kiasi gani ukiikalia. Hakihitaji mashine.

Inua pikipiki hadi tairi la nyuma lining'inie. Pima kutoka katikati ya ekseli kwenda juu hadi alama moja kwenye bodi, usiibadilishe alama hiyo. Ishushe chini, itikise kidogo, pima tena ikiwa haina mtu. Halafu dereva akae na kofia yake na vitu vyake vya kila siku, mmoja ashike usukani, mwingine apime mara ya tatu.

Mfano wa motokrosi yenye shokapu ya nyuma inayosafiri milimita 300: ikining'inia 610, ikisimama yenyewe 575, ikikaliwa 508. Yenyewe imeshuka 35, na dereva 102. Hiyo ni nzuri, maana lengo la kawaida ni karibu theluthi moja ya safari yote. Theluthi hiyo ndiyo inayoliwezesha tairi kushuka kufuata shimo. Theluthi mbili zilizobaki ni za kupokea tuta.

Bodaboda nyingi zina shokapu mbili nyuma zenye safari fupi zaidi. Kama yako ina milimita 100, dereva peke yake ashushe kama 25 hadi 30. Akipanda abiria, mimi ningependa isizidi nusu. Ikizidi hapo, kila rasta ya barabarani itaipeleka mwisho.

Hapa kuna kitu ambacho vijiweni kinachanganywa sana. Kukaza ile pete yenye ngazi chini ya springi hakufanyi springi iwe ngumu. Kunainua pikipiki tu, ianze safari kutoka juu zaidi. Ugumu wa springi unatokana na unene wa waya wake, upana wake na idadi ya mizunguko yake. Ukitaka ugumu mwingine, nunua springi nyingine.

Utajuaje kama springi yenyewe siyo? Angalia vipimo viwili pamoja. Kama umekaza pete mpaka kushuka na dereva kumekuwa sawa, lakini pikipiki ikisimama yenyewe haishuki kabisa, springi ni laini mno kwako; umeibana mpaka imekosa pumzi. Kama kushuka na dereva ni sawa lakini yenyewe inazama sana, springi ni ngumu mno. Inasikika kama kinyume, najua. Isome tena taratibu, ndivyo ilivyo.

Kwa bodaboda ile pete yenye ngazi, ambazo mara nyingi ni tano, ni rafiki. Asubuhi ukiwa peke yako ngazi ya pili, ukianza kubeba abiria au gunia, ngazi ya nne. Ni kazi ya dakika mbili kwa spana ya ndoano. Pande zote mbili ziwe ngazi moja, vinginevyo mkono wa nyuma unapinda. Na kama hesabu yako ni ya mshikaki, hakuna ngazi ya kazi hiyo, na sheria pia haikuruhusu.

Kurudi na kubonyea

Springi ikiachwa peke yake ingedunda kama mpira. Mafuta yanayopita kwenye matundu madogo ndani ya shokapu ndiyo yanayoipunguza kasi. Motokrosi ina skrubu mbili za kuchezea: moja ya kasi ya kubonyea, moja ya kasi ya kurudi, ambayo mafundi wanaiita ribaundi.

Bonyeza siti kwa nguvu kisha achia. Ikiruka juu na kuendelea kudunda, ribaundi ni ya haraka mno; ukiwa kasi kwenye tuta, siti itakupiga na kukutupa mbele. Ikirudi polepole kama mlango mzito, pita kwenye zile barabara za bati uone: tuta la kwanza linapokelewa, la pili linaikuta shokapu bado iko chini, la tatu halina pa kwenda. Dereva atasema "ngumu hii" na atataka springi laini, kumbe tatizo ni kuchelewa kurudi.

Geuza skrubu mlio mmoja au miwili kwa wakati, jaribu njia ileile, andika kwenye simu. Ukigeuza vitu vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia. Anza na ribaundi, kubonyea kuje baadaye.

Bodaboda nyingi hazina skrubu hizo. Mbele unacheza na mafuta. Mafuta mazito yanapunguza kasi ya shokapu pande zote mbili, mepesi yanaiachia. Kiasi nacho kina maana: ukizidisha, nafasi ya hewa juu inapungua na shokapu inakuwa ngumu mwishoni mwa safari. Tafadhali usikubali kumiminiwa oili ya injini iliyokwisha kutumika. Inabeba vumbi la chuma na itakula sili.

Tabia nyingine ya kuacha ni kukata springi, kuipasha moto, au kuweka kipande cha bomba ndani ya shokapu ya mbele bila kupima. Bomba likizidi, springi inabanwa mpaka mizunguko yake inagusana kabla safari haijaisha. Hapo una chuma juu ya chuma.

Usukani mzito, usukani mwepesi

Kukiwa sawa nyuma, geukia kona. Pikipiki ikikataa kuingia kwenye kona na kutaka kwenda nje, mara nyingi nyuma imezama sana. Inua nyuma kidogo kwa ile pete. Kwenye motokrosi unaweza pia kulegeza sahani zinazoshika nguzo za mbele na kuzipandisha nguzo milimita 5. Mbele inashuka, inageuka haraka. Ukizidisha, kwa mwendo mkali usukani utaanza kutetemeka mkononi. Rudisha mara moja.

Pikipiki ya umeme haina injini inayozunguka kwa kasi ndani yake, kwa hiyo wengi wanaihisi nyepesi kulala kwenye kona. Hiyo siyo kasoro. Jipe siku chache kabla ya kuanza kufungua nati.

Ujanja wa bure: funga kamba ndogo ya plastiki ya kufungia waya kwenye nguzo ya shokapu ya mbele, isukume chini, piga mzunguko wako wa kawaida. Itakuonyesha shokapu ilifika wapi. Ikigonga mwisho mara moja kwa siku kwenye shimo baya, sawa. Ikigonga kila safari, springi, mafuta au mwendo wako unahitaji kuangaliwa.

Betri ndiyo pesa

Shokapu ya petroli ikigonga mwisho, unaumia mgongo. Kwenye umeme mshtuko huohuo unakwenda kwenye betri, viunganishi vyake na bolti zinazoishikilia. Kiunganishi kikilegea kinapata joto, na pikipiki inaweza kuzima katikati ya barabara. Kwa kijana aliyechukua pikipiki ya mkataba, betri ikipasuka kasha, deni linaweza kumfuata yeye.

Kwa hiyo ukigonga sana, simama. Gusa bolti za betri, angalia nyufa, angalia kama kasha limevimba. Lililovimba halichajiwi, na halilali ndani ya nyumba. Lirudishwe kwa mwenye nalo. Usichomelee kitu kwenye fremu betri ikiwa bado imefungwa. Na kama pikipiki ni ya kampuni, uliza kabla ya kubadili shokapu, ukiwezekana upate jibu kwa maandishi, maana kazi nzuri ya fundi wako inaweza kukufutia waranti.