Risasi iliyo ukutani: historia ya rangi katika nyumba za zamani

Goma – Hapa kwetu, mtu akitaja risasi, wote tunafikiria bunduki. Lakini madini hayo hayo yalichanganywa ndani ya rangi za nyumba kwa miaka mingi, kwa sababu yaliifanya rangi ikauke upesi na kuvumilia mvua.

Hatari yake ilijulikana zamani. Mwaka wa 1904, daktari Lockhart Gibson wa Brisbane, Australia, alieleza kwamba watoto waliugua kwa rangi ya baraza za nyumba zao: walishika mbao, kisha wakatia vidole kinywani. Mwaka wa 1921, mkutano wa kimataifa wa kazi ulipitisha mkataba wa kukataza rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo mengi. Ubelgiji, iliyokuwa ikitawala Kongo, iliuridhia mwaka wa 1926. Marekani ilikataza rangi za risasi majumbani mwaka wa 1978 tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu iliingia mwaka wa 2022, imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja za rangi.

Lakini sheria inazuia kopo jipya. Haibandui rangi ya zamani. Lava ya Januari 2002 ilimeza sehemu ya mji wetu, ila nyumba za zamani bado zipo, na leo baadhi ya familia zilizokimbia vita zimepanga humo. Anayekimbia hachagui ukuta.

Kwa macho huwezi kuitambua risasi. Kwa hiyo, rangi yoyote ya zamani ichukuliwe kama inayo. Ikiwa haijabanduka, ipakwe nyingine juu yake. Ikiwa inabanduka, usiisugue kavu wala kuichoma kwa moto: ilowanishe kwanza, halafu uikwangue. Watoto na mama wajawazito wakae mbali hadi kazi iishe. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe kavu. Fundi anawe na kubadili nguo kabla ya kubeba mtoto.

Na mbao zenye rangi ya zamani zisiingie kwenye babula, hata makala yakiwa ghali. Moshi na majivu yake vina sumu.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayarudi nyuma. Bidoni la maji lina bei Goma, tunajua. Akili ya mtoto haiuzwi sokoni.