Ajali Ina Kinga: Wajibu Wetu kwa Watoto Wanaosafiri kwa Mabasi ya Shule

Waswahili husema ajali haina kinga. Msemo huo huwafariji waliofikwa na msiba, na kwa shabaha hiyo una nafasi yake. Lakini ukifanywa kuwa maelezo ya kila kifo cha barabarani, unatufumba macho. Mengi kati ya mabaya yanayowapata watoto ndani na kando ya mabasi ya shule yana kinga inayojulikana, na kuijua kinga hiyo bila kuitumia ni suala la dhamiri.

Mafundisho ya Kanisa

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati (22:8) kinamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukuta kuzunguka dari, asije akawa na hatia ya damu mtu akianguka kutoka juu. Sheria hiyo haisubiri mtu aanguke kwanza. Kwa roho hiyohiyo, Katekisimu ya Kanisa Katoliki (2290), ikifafanua Amri ya Tano, inafundisha kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi anabeba hatia nzito. Mnamo Juni 2007, Baraza la Kipapa la Huduma za Kichungaji kwa Wahamiaji na Watu Wasio na Makazi Maalumu lilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi kwa madereva. Ya kwanza ndiyo ile tuliyoizoea: usiue.

Misiba tuliyoishuhudia

Tarehe 6 Mei 2017, huko Rhotia wilayani Karatu, basi dogo lililowabeba wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha, waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa ujirani mwema, lilitumbukia korongoni. Walifariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Wanafunzi 3 tu walinusurika. Tarehe 26 Julai 2022 Mtwara nayo ililia baada ya gari la shule kupata ajali eneo la Mjimwema. Tarehe 12 Aprili 2024, jijini Arusha, basi la shule lilisombwa na mafuriko eneo la Muriet, na watoto wakapoteza maisha.

Tunawaombea marehemu na kuwafariji wafiwa. Hata hivyo, heshima kwa marehemu inatudai pia tujifunze. Mteremko mkali wakati wa mvua, gari lisilokaguliwa na maji yanayopita juu ya barabara ni mambo yanayoweza kuamuliwa kabla ya safari. Wakati wa masika, dereva akikuta maji yamefunika barabara, wajibu wake ni kusimama na kurudi. Mwalimu mkuu naye amwambie wazi kwamba hatalaumiwa kwa kuchelewa.

Hatari iliyopo mlangoni

Hatari haiko safarini tu. Iko pia katika dakika chache za kupanda na kushuka. Hapa Kurasini jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa Barabara ya Mandela na Barabara ya Kilwa hubeba malori ya makontena na ya mafuta yanayoingia na kutoka bandarini, saa zilezile ambazo watoto wanasubiri basi alfajiri. Dereva aliyeketi juu ndani ya lori hawezi kumwona mtoto wa miaka mitano aliye karibu na bampa lake.

Mlango wa basi uko kushoto, nasi tunaendesha kushoto. Kwa hiyo mtoto hushukia pembeni mwa barabara, lakini huko nako bodaboda hupenya kati ya basi na mtaro. Mhudumu wa basi ndiye atangulie kushuka, atazame nyuma, kisha amshike mtoto mkono. Mtoto ambaye kwao ni ng'ambo ya barabara asikatize mbele ya basi wala nyuma yake, kwa sababu gari linalolipita basi halimwoni. Avushwe na mtu mzima baada ya basi kuondoka, au njia ya basi ipangwe ashukie upande wa kwao. Chupa au kofia ikidondoka chini ya basi, mtoto aiache na kumwambia mkubwa.

Ipo pia hatari ya mtoto kusahauliwa ndani. Nchini Qatar, Septemba 2022, mtoto wa kike wa miaka minne alifariki kwa joto baada ya kuachwa usingizini ndani ya basi la chekechea. Joto la Dar es Salaam nalo halina huruma. Kinga yake haigharimu hata shilingi: kila safari inapokwisha, dereva au mhudumu atembee hadi kiti cha mwisho, aangalie kila kiti na chini yake, kisha ahesabu majina.

Wajibu wa kila mmoja

*Wazazi na walezi:* fikeni kituoni kabla ya basi, na msimtume mtoto mdogo kumpokea mdogo zaidi. Ulizeni kama gari limekaguliwa, lina leseni na bima, na kama kila mtoto ana kiti chake. Anayeuliza hivyo hana ukorofi. Anatimiza wito wake wa uzazi.

*Wenye shule:* dereva anayelazimishwa kuzunguka mara mbili kabla ya kengele atakimbia tu. Idadi ya magari na ratiba ni maamuzi ya kimaadili, siyo ya kihasibu peke yake.

*Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo:* pangeni zamu ya mtu mzima katika kila kituo, na shirikianeni na majirani wa dini zote pamoja na serikali ya mtaa kuomba matuta na vivuko. Juhudi hizo huzaa matunda. Mpango wa shirika la Amend wa kuboresha njia za watoto kwenda shule, uliofanyika pia jijini mwetu, ulipewa tuzo ya kimataifa ya miji ya World Resources Institute mwaka 2019.

Tunawafundisha watoto wetu kusali kwa malaika mlinzi. Ni vema. Lakini mara nyingi ulinzi wa Mungu humfikia mtoto kwa mkono wa mtu mzima aliyewahi kufika kituoni.