Wanyama wa labo wakimaliza kazi, wanaenda wapi?

Zamani, wakati Kisangani ilikuwa ingali inaitwa Stanleyville, pembeni ya muto Lindi kulikuwa kambi ya sokomutu. Ilifunguliwa mwaka wa 1956. Labo ya kiganga ya Stanleyville, chini ya munganga Mubeleji Ghislain Courtois, ilitumika pale pamoja na Hilary Koprowski wa Wistar Institute ya Philadelphia, Marekani. Walikuwa wanatengeneza chanjo ya polio ya kunywa.

Zaidi ya sokomutu na bonobo 400 walikamatwa porini na kupitishwa katika kambi hiyo. Wengine walipewa chanjo, kisha wakapewa virusi vya polio, kusudi ionekane kama chanjo inakinga. Wengi walikufa kwa magonjwa, ao waliuawa kusudi viungo vyao vipimwe. Mwaka wa 1958, chanjo hiyo ilipewa watu zaidi ya 200,000, wengi wao katika bonde la Ruzizi.

Leo kambi ya Lindi inatajwa zaidi ju ya uvumi kwamba SIDA ilitokea pale. Uvumi huo ulipimwa na kukataliwa: mwaka wa 2004 watafiti walionyesha kwamba virusi vya sokomutu wa eneo la Kisangani ni vya aina ingine, havikuzaa virusi vya SIDA vilivyoenea duniani. Lakini ulizo moja halikuulizwa sana: wale wanyama wenyewe, nani aliwapangia siku za kisha kazi?

Ulizo hilo linaulizwa sasa katika inchi nyingi, zaidi kwa mbwa na paka. Mbwa anayetumiwa sana katika labo ni wa aina ya beagle, sababu ni mudogo na mupole. Zamani, utafiti ukimalizika, ilikuwa kawaida kuwaua, hata wenye afya. Mwaka wa 2010, Umoja wa Ulaya ulitoa sheria inayoruhusu mnyama wa labo apewe jamaa ya kumutunza, kama afya yake inaruhusu na kama haleti hatari kwa watu wala kwa wanyama wengine. Mwaka wa 2014, jimbo la Minnesota, Marekani, lilikuwa la kwanza katika inchi ile kulazimisha labo zinazopata feza za serikali zitoe mbwa na paka wenye afya kwa mashirika ya kuwatafutia makao. Mwaka wa 2022, karibu beagle 4,000 waliondolewa katika kituo kimoja cha Virginia kilichozalisha mbwa wa labo, kisha wakatafutiwa jamaa.

Kuwapa jamaa si kufungua mulango tu. Mbwa aliyekulia ndani ya kizimba pengine hajakanyaga majani, hajui ngazi, anaogopa kelele ya moto ao ya sufuria. Anahitaji wiki, pengine miezi, ya kuzoea. Ndiyo maana munganga wa wanyama anamupima kwanza, anamuchanja, anamufunga uzazi, kisha jamaa inachaguliwa.

Tena inaomba feza. Liberia iliona hilo. Kule sokomutu waliotumiwa na New York Blood Center katika utafiti waliwekwa juu ya visiwa kisha kazi. Mwaka wa 2015 kituo hicho kilikata feza za kuwalisha, na sokomutu zaidi ya 60 wakabaki wanategemea musaada wa mashirika. Mwaka wa 2017 kilikubali kulipa dola milioni 6 kwa matunzo yao. Kwa hiyo makao yanapaswa kupangwa, na feza yake kuwekwa, mbele mnyama wa kwanza hajaingia labo.

Kongo yetu inajua kutunza wanyama. Lwiro, Kivu ya Kusini, ndani ya eneo la kituo cha utafiti kilichoanzishwa wakati wa Wabeleji, kuna makao ya sokomutu na nyani. Wale hawakutoka labo, walinyanganywa wawindaji na wauzaji. Lakini yanaonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana kwetu.

Kwa mutu wa Tshopo anayepewa mbwa ao paka, awe ametoka fasi ya masomo ao kwa jirani, maulizo ni haya:

- Alitumiwa kwa kazi gani, alipewa dawa gani?
- Ana karatasi ya chanjo ya raje, ni kusema kichaa cha mbwa?
- Munganga wa wanyama alimupima lini?
- Akigonjwa, nani atalipa?

Raje ikishaonyesha dalili, karibu kila mara inaua. Mutu akiumwa na mbwa ao paka, aoshe kidonda mara moja kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kutafuta chanjo. Asingojee aone kama mnyama atakufa.