Kioo, Mwani na Amana: Historia ya Samaki Wasafishaji



Tangi la samaki limekuwa pambo la sebule nyingi siku hizi, na kila anayeliweka hufikia maswali mawili. La kwanza, mbona kioo kinageuka kijani baada ya wiki chache tu? La pili ni zito zaidi: je, yatufaa kumfungia kiumbe wa Mwenyezi Mungu ndani ya kioo kwa ajili ya macho yetu? Historia inatusaidia kuyajibu yote mawili, na katika historia hiyo wanawake wametangulia.

Tuanze na Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1794. Alikuwa mshonaji na mtarizi mjini Paris, akapata sifa kwa gauni la harusi la Binti Mfalme Caroline mwaka 1816. Alipoolewa alihamia Messina, kisiwani Sicily, na huko akaipenda bahari. Wataalamu wa zama zake walikuwa wakibishana juu ya pweza mmoja mdogo anayekaa ndani ya gamba jembamba kama karatasi: je, gamba analitengeneza mwenyewe au amemnyang'anya kiumbe mwingine? Mwaka 1832 Jeanne alianza kuwafuga pweza hao ndani ya matangi ya kioo aliyoyabuni mwenyewe. Akavunja kipande cha gamba, akangoja, akaona pweza analitengeneza upya. Ubishi ukaisha. Sisi wa visiwani, ambao mama zetu wanamjua pweza kwa kumfuata miambani maji yakitoka, tunaweza kuuthamini uvumilivu ule.

Wa pili ni Anna Thynne, mke wa kasisi mmoja wa London. Mwaka 1846 alikwenda pwani ya Torquay akarudi na matumbawe hai ndani ya mtungi. London haina bahari, na maji ya chumvi yalikuwa taabu kuyapata. Basi kila siku maji yaleyale yalimiminwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa. Aliyeifanya kazi hiyo alikuwa mtumishi wa nyumbani, msichana ambaye vitabu havikumpa hata jina. Matumbawe yaliishi kwa mikono yake. Mwaka uliofuata Bi Thynne aliongeza mimea ya bahari ndani ya chombo, nayo ikasaidia kuyapa maji hewa.

Wakati huohuo mkemia Robert Warington, palepale London, alikuwa akijaribu jambo la karibu na hilo kwa maji baridi. Aliweka samaki wawili wa dhahabu na mmea wa majini katika chombo cha galoni 12. Mmea uliwapa samaki hewa, lakini majani yalianza kuoza, na utelezi wa kijani ukatanda kwenye kioo. Hapo akaongeza konokono wachache. Wakala majani yaliyooza na ule utelezi, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Matokeo yake aliyatangaza mwaka 1850. Kwa hiyo msafishaji mashuhuri wa kwanza wa tangi la nyumbani hakuwa samaki, alikuwa konokono.

Samaki wala mwani walifuata baadaye, biashara ya samaki wa nchi za joto ilipokua. Anayejulikana zaidi ni pleko wa Amerika ya Kusini, mwenye ngozi ngumu kama ngao na mdomo wa kufyonza. Huuzwa akiwa na urefu wa kidole, na mnunuzi huambiwa kwamba atasafisha kioo. Asichoambiwa ni kwamba baadhi yao hukua kupita sentimita 40, na kwamba naye hutoa kinyesi kingi. Anapolishinda tangi, wenye nyumba humtupa mtoni. Katika bwawa la Infiernillo nchini Mexico, samaki wa jamii hii, walioingia nchini humo kwa biashara ya matangi, walienea mpaka wakaharibu nyavu na riziki za wavuvi wa perege. Urembo wa sebule moja umegeuka njaa ya nyumba nyingine.

Yuko pia mla mwani wa ajabu anayetoka karibu nasi. Katika Ziwa Tanganyika wanaishi samaki wa jenasi Tropheus, waliotambulishwa kwa wanasayansi na Boulenger mwaka 1898. Rangi zao hutofautiana kutoka mwamba mmoja hadi mwingine. Mdomo wao umeelekea chini kwa ajili ya kukwangua mwani juu ya mawe, na utumbo wao ni mrefu kwa kuwa chakula chao ni majani. Mwenye tangi akiwalisha vyakula vizito vya nyama, huvimba tumbo na kufa. Mama yao hutaga mayai machache, akayalea mdomoni kwa wiki kadhaa, na wataalamu wameona kwamba hula kwa ajili ya kuwalisha watoto waliomo mdomoni. Subhanallah! Samaki wa kiasi cha kiganja, na ulezi wa namna hiyo.

Sasa turudi kwenye swali la pili. Tunaijua hadithi ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake. Mtume (s.a.w.) alimtania na kumliwaza kindege kilipokufa, wala hakumkataza kufuga. Wanavyuoni wameichukua kuwa dalili ya ruhusa. Lakini tunaijua pia ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Ukiziweka pamoja utaona kwamba kufuga kumeruhusiwa, na kwamba anayefungia amebeba dhamana yote ya aliyefungiwa. Sura ya Ar-Rahman inatukumbusha mizani, na tangi la kioo ni mizani ndogo iliyowekwa mikononi mwetu.

Basi dada, kioo kikiwa kijani usikimbilie kununua samaki wa kukifuta. Mwani unastawi kwa mwanga mwingi na chakula kilichozidi. Liondoe tangi kwenye jua la dirishani, punguza chakula, badilisha sehemu ya maji kila wiki, na kioo ukifute kwa mkono wako. Ukitaka mla mwani, uliza kwanza atakua kiasi gani na anakula nini. Ukimchoka mtafutie mwenye tangi kubwa, usimtupe mtoni wala mtaroni.

Na kama kazi hiyo anaifanya binti wa kazi nyumbani kwako, mtaje mgeni anapolisifu tangi. Yule wa London hakutajwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutunza amana zake, kubwa na ndogo. Amin.