Saa ya Ufunguo: Kutoka Kasri la Mtoni Hadi Olasiti

Ukipanda daladala Olasiti kwenda mjini kati, Arusha, alama ambayo kila abiria anaijua ni Mnara wa Saa. Ulitolewa mwaka 1945 na Christos Galanos, mkazi wa Arusha mwenye asili ya Ugiriki, kuadhimisha ushindi wa Washirika katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Sasa umevuka miaka 80. Waongoza watalii huwaeleza wageni kwamba hapo ndipo katikati ya Cairo na Cape Town, wageni wanapiga picha, safari inaendelea Serengeti. Jina la Galanos linapatikana kwa urahisi. Jina la fundi aliyekuwa akiihudumia saa yenyewe halimo katika simulizi hiyo.

Jambo hili linauma zaidi ukikumbuka tarehe 25 Desemba 2020, siku ambayo sehemu ya Beit el-Ajaib, Zanzibar, iliporomoka ikiwa katika ukarabati. Mnara wake wa saa ulianguka na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu hapo tumesikia mengi kuhusu jumba hilo: Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, umeme na lifti vilifika humo kabla ya kwingine katika ukanda huu, ukarabati ulifadhiliwa na Oman. Saa hutajwa kwa kupita tu, wakati pwani yetu ina historia ya saa ambayo nchi nyingi zingeionea fahari.

Shahidi wake bora ni Bibi Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza vyumba vya matajiri wa Unguja: kuta nene zenye vishubaka, vyombo vya kaure na vioo, na juu ya vioo au pembeni mwavyo, saa. Anasema saa zilipendwa mno, na nyumba moja iliweza kuwa na hazina yake nzima. Picha za viumbe hazikutundikwa, hivyo saa zilichukua nafasi ya pambo. Karne moja na zaidi baadaye, mwanahistoria Jeremy Prestholdt naye aliziangalia saa hizo na kuona ndani yake watu waliochagua wenyewe bidhaa za dunia na kuzipa maana yao. Nakubaliana naye. Anayekusanya saa za kale leo, awe Geneva au Dubai, ajue kwamba Waunguja walikwishafanya hivyo.

Tena saa hizo hazikuachwa zitangetange. Katika Unguja ya wakati ule siku ilianza jua likizama. Magharibi ndiyo ilikuwa saa kumi na mbili kamili, na hesabu ikaanza upya. Machweo ya Zanzibar husogea kwa takriban nusu saa katika mwaka, kwa hiyo hata saa iliyokwenda bila kosa lolote ingeachana na jua baada ya wiki chache. Ilihitaji mkono wa mtu wa kuirudisha na kuitia ufunguo. Mzungu alitaka saa inayojiendea. Mwenye nyumba wa Unguja alikuwa na saa anayokutana nayo kila jioni.

Hesabu hizo mbili, ya Mzungu na ya Unguja, zilikutana kwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid bin Barghash, ambaye Bibi Salme alikuwa shangazi yake, akaingia kasri bila idhini ya Waingereza. Balozi mdogo Basil Cave na Admeri Harry Rawson wakampa hadi saa tatu asubuhi ashushe bendera. Hakushusha. Dakika chache baada ya saa tatu manowari zilianza kupiga. Meli ya Sultani, Glasgow, ikazama bandarini, watu wapatao 500 upande wa Khalid wakauawa au kujeruhiwa, na upande wa pili akajeruhiwa baharia mmoja. Dunia huiita vita fupi kuliko zote, lakini hata urefu wake watu hawakubaliani: kuna wanaosema dakika 38, wengine 40, wengine 45, kutegemea nani anahesabu na anaanzia wapi. Kinachonisikitisha ni kwamba kuuawa na kujeruhiwa kwa watu 500 kumegeuzwa chemshabongo ya dakika.

Mizinga ya siku hiyo iliubomoa mnara uliosimama mbele ya majumba ya Sultani. Mwaka uliofuata mnara mpya wa saa uliunganishwa na uso wa Beit el-Ajaib, ukatazama bahari kwa miaka 123 hadi ile Desemba ya 2020. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam, akakamatwa mwaka 1916 na kupelekwa uhamishoni. Alifia Mombasa mwaka 1927.

Mapenzi ya saa hayakuisha katika ukoo huo. Sultani Qaboos wa Oman, kilembwe wa Turki, kaka yake Bibi Salme, alizoea kutunuku saa za Uswisi zilizochapwa nembo ya jambia kwenye uso wake. Leo Rolex zenye jambia hilo hufikia makumi hata mamia ya maelfu ya dola mnadani.

Huku bara saa ilikuja na boma la Wajerumani, shule za misheni na reli iliyofika Arusha mwishoni mwa miaka ya 1920. Baada ya uhuru, saa ya mkononi ilikuwa zawadi ya kuajiriwa, ya kuoa, ya kustaafu. Kisha tarehe 25 Desemba 1969 Seiko ya Japani ikatoa saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, na soko likageuka. Uswisi yenyewe ilishuka kutoka wafanyakazi wa saa takriban 90,000 mwaka 1970 hadi zaidi kidogo ya 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Kwetu zikajaa saa za betri, halafu simu.

Lakini fungua mfuniko wa nyuma wa saa ya kujaza ya miaka ya 1960. Utaona gurudumu dogo likiyumba kwenda na kurudi, limeshikwa na springi nyembamba kuliko unywele. Nyingi hupiga mara 5 kwa sekunde, yaani mara 432,000 kwa siku. Ikikosea dakika moja kwa siku, imekosea chini ya sehemu moja katika elfu. Vyuma vyake vinazunguka juu ya vijiwe vyekundu, mara nyingi 17, ambavyo ni rubi za kutengenezwa, ufundi uliotangazwa na Mfaransa Verneuil mwaka 1902. Arusha, mji wa madalali wa vito na jirani wa rubi za Longido, ungepaswa kuona fahari kwa jambo hili.

Adui wa saa hiyo ni vumbi, na Olasiti wakati wa kiangazi hatuna upungufu wa vumbi. Linapenya kwenye kitufe cha kujazia, linachanganyika na mafuta yaliyokauka, saa inaanza kubaki nyuma, halafu inasimama. Fundi anayejua kazi huifungua kipande kwa kipande, huosha kila kijino, kisha hutia mafuta kwa ncha ya sindano, kidogo sana, kwa sababu yakizidi yanaharibu. Mafundi wengi wenye vimeza vya kioo pembeni mwa barabara sasa wanaishi kwa kubadili betri na mikanda. Kazi ile ya kufungua na kuosha wanaiweza wachache, na wengi wao ni wazee.

Jirani yetu Olmoti unajengwa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027. Wageni watakuja, na watapigia picha Mnara wa Saa. Jiji liajiri fundi saa wa kudumu na liandike jina lake kwenye kibao chini ya jina la Galanos. Chuo cha Ufundi Arusha kiwaite wazee hawa wafundishe wakiwa bado wana macho. Nawe msomaji, kama saa ya babu imelala kabatini, ipeleke kwa fundi mwezi huu. Muulize jina lake na alifundishwa na nani, uandike.