Washairi Waliogombana kwa Vina

Enzi za ukoloni Singida na Dodoma zilikuwa ndani ya jimbo moja, Jimbo la Kati, kwa hiyo mtu wa Sepuka, kule Singida, ana haki ya kumhesabu Mathias Mnyampala kuwa jirani yake. Mgogo huyu, aliyezaliwa mwaka 1917, hakulelewa na bahari. Hata hivyo alijifunza utunzi wa mwambao mpaka akawa bingwa wake, na ngonjera, yale mashairi ya kujibizana ambayo wanafunzi wameyaghani mbele ya wageni wa heshima kwa miaka mingi, zilienea kwa juhudi zake. Namtanguliza yeye kwa sababu ugomvi wa vina ninaousimulia huelezwa mara nyingi kuwa ulikuwa wa pwani na bara. Mnyampala peke yake anatosha kuonyesha kwamba mambo hayakuwa mepesi hivyo.

Tuanze na udugu uliokuwapo kati ya washairi kabla ya ugomvi. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi wa Ujiji alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Yale ambayo malenga walikuwa wakirithishana kwa kusikilizana yakaingia kitabuni: mizani 16 kwa mshororo, 8 kila kipande, vina vya kati na vya mwisho. Mwaka 1959 ukaundwa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Magazetini washairi walijuana kwa majina ya kutungia. Walisalimiana, wakategana mafumbo, wakasutana. Aliyechokozwa alijibu kwa bahari, yaani umbo la shairi, ileile ya mchokozi wake, na aghalabu kwa vina vyake vilevile. Naamini hapo ndipo palipokuwa na nguvu ya urafiki wao. Ukimjibu mtu kwa vina vyake umekwisha kukiri kwamba ni fundi, hata kama unamsuta tangu ubeti wa kwanza. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere, ambaye naye alikuwa mtunzi, alikutana nao akawaomba waeneze Azimio la Arusha kwa mashairi. Mwaka uliofuata Mnyampala akafariki dunia.

Kisha ikaja 1974, na diwani ya Kichomi. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, alikuwa na miaka 30, na riwaya yake Rosa Mistika ilikwisha kumpa jina. Tungo nyingi za diwani hiyo hazikuhesabu mizani wala kutafuta vina. Alitaka ushairi useme kwa lugha ambayo watu wanaisema. Washairi wa mapokeo wakasema hilo si shairi, ni nathari iliyokatwakatwa.

Hata hivyo, ladha ya vina haikufuata siasa. Mwaka mmoja kabla ya Kichomi, Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa ametoa Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyaandika kwa siri gerezani Kenya, alikofungwa kwa kijikaratasi chake cha Kenya Twendapi. Alipotoka alikuja Dar es Salaam kufanya kazi TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mtu aliyeipinga serikali mpaka akafungwa aliishika barabara arudhi, yaani kanuni za vina na mizani. Ndiyo iliyobeba hasira yake.

Tatizo likawa namna ya kujibizana. Utamjibu vipi kwa vina mtu ambaye hakutumia vina? Ule mlango wa zamani ukafungwa. Hoja zikahamia kwenye makala, mihadhara na dibaji, na huko hakuna sharti linalokulazimisha umheshimu mwenzako kabla ya kumpinga. Washairi Mulokozi na Kahigi, waliokwisha kutoa pamoja Malenga wa Bara mwaka 1976, walirudi mwaka 1979 na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Hawakudai vina vifutwe. Walidai visifanywe kipimo pekee, maana jamii za bara zilikuwa na ushairi wao kabla ya kuisikia arudhi ya mwambao. Hoja hiyo Mnyaturu wa Singida anayejua nyimbo za kwao haimpi taabu kuielewa.

Lakini nauelewa pia uchungu wa wazee. Waliambiwa na vijana wao wenyewe, wengine ambao wazee hao ndio waliowafundisha Kiswahili, kwamba kazi ya maisha yao ni pambo. Walikosea kukikana Kichomi. Vijana nao hawakuona kwamba kilichokuwa kikilindwa ni zaidi ya hesabu ya silabi: ilikuwa njia ya watu kutofautiana bila kuachana. Baadaye Jumanne Mayoka, akiwa upande wa mapokeo, aliuita ugomvi huo kwa jina lake katika Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka.

Jina hilo limebaki. Mgogoro wa ushairi umekuwa mada ya Kiswahili kidato cha tano na cha sita, na katika vitabu vilivyoteuliwa kwa ngazi hiyo Mapenzi Bora ya Shaaban Robert, yenye vina vyake vyote, imesomwa sambamba na Chungu Tamu ya Theobald Mvungi. Kijana aliyetoka Sepuka kwenda kusoma vidato hivyo aliweza kutakiwa kuvihakiki vyote viwili, kisha aseme yeye yuko upande gani na kwa nini.