Thorong La
Thorong La ni njia inayovuka milima ya Himalaya nchini Nepal, kwenye kimo cha mita 5,416 juu ya usawa wa bahari. "La" kwa Kitibeti ni mahali pa kuvukia mlima. Njia hiyo inaunganisha kijiji cha Manang, upande wa mashariki, na Muktinath, mahali patakatifu kwa Wahindu na Wabuddha.

Ndiyo sehemu ya juu kabisa ya mzunguko wa Annapurna, uliofunguliwa kwa wageni mwaka 1977. Kuivuka hakuhitaji kamba wala ujuzi wa kupanda barafu, hivyo huvutia hata wasio wapanda mlima. Urahisi huo hudanganya. Kule juu mtu hupata karibu nusu tu ya oksijeni iliyopo pwani. Kwa hiyo wasafiri hupumzika Manang, penye mita 3,500 hivi, ili mwili uzoee. Anayeumwa kichwa na kutapika hana budi kushuka, kwani ugonjwa wa kimo unaweza kujaza maji mapafuni na kuua. Siku ya kuvuka huondoka kabla ya alfajiri, maana baadaye upepo huwa mkali.

Oktoba kwa kawaida ni mwezi wa anga safi. Lakini tarehe 14 Oktoba 2014 mabaki ya kimbunga Hudhud, kilichotoka Ghuba ya Bengali, yalileta theluji nzito. Watu zaidi ya 40 walikufa katika maeneo ya Annapurna na Dhaulagiri, wakiwemo watalii, waongozaji na wachungaji. Baadhi yao walikuwa wameshavuka, wakapotea njia wakishuka kuelekea Muktinath.